Anayechora Nyumba na Anayeijenga Wawe Kundi Moja



Katika mikutano ya matawi yetu, zikiisha habari za mishahara na za bei ya unga, neno linalofuata kila mara ni nyumba. Mwenzetu wa kiwanda cha kahawa pale Gitega ameweka akiba miaka sita, amepata kiwanja, na sasa anauliza aanzie wapi. Mwingine, kibarua wa mashamba upande wa Muyinga, amekwisha jenga, na ukuta umepasuka kutoka dirishani mpaka juu kwenye paa kabla hajamaliza kulipa deni. Huyu wa pili haombi ushauri. Anataka kujua amshitaki nani.

Na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu hapana wa kushitakiwa. Aliyechora ramani asema fundi hakuifuata. Fundi asema ramani ilichorwa na mtu ambaye hakupata kukiona kiwanja, kwamba upande mmoja ni mteremko na upande wa pili ni udongo wa kujazia. Mwuza matofali alilipwa zamani akaenda zake. Mwenye nyumba amebaki katikati, amewalipa wote watatu, na ufa unaongezeka kila mvua.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tumelizungumza jambo hili kwa muda, pamoja na mafundi, na maoni yetu ni haya: nyumba ya mfanyakazi ijengwe na kundi moja, ambalo ndani yake yumo anayechora na wamo wanaojenga, wakae pahala pamoja tangu siku ya kupima kiwanja hata siku ya kukabidhi ufunguo, nao wajibu kwa mwenye nyumba kwa mapatano ya karatasi moja. Katika nchi za Ulaya na Marekani makampuni mengi ya nyumba hufanya kazi kwa mtindo huu, na huuza huduma hiyo kwa bei kubwa. Lakini hakuna sababu mtindo huu uwe wa matajiri. Babu zetu hawakuujua mwingine. Katika ikibiri ya Burundi, majirani walipokusanyika kumjengea mwenzao, hapakuwa na mmoja wa kuchora na mwingine wa kubeba. Aliyesema mlango uwe hapa ndiye aliyechimba shimo la nguzo yake, na jioni wote walikunywa pombe ya ndizi kwa mrija mmoja.

Yafaa tueleze kwanza kundi la namna hiyo linavyofanya kazi siku kwa siku, maana wengi wetu tunaona jengo likiwa limekwisha tu, na wengine hudhani kazi ya nyumba ni kupanga tofali juu ya tofali.

Kundi la nyumba ya vyumba viwili na sebule halihitaji watu wengi. Yuko mchoraji, awe msanifu aliyesoma au fundi wa zamani aliyejifunza kuchora. Yuko fundi mkuu. Wako waashi wawili au watatu, seremala mmoja anayekuja zamu za madirisha na kenchi, na wako wasaidizi, hao ambao Burundi huitwa abayede, kwa neno la Kifaransa lililotiwa Kirundi. Hao ndio wanaokoroga udongo, wanaobeba, wanaopandisha karai juu ya jukwaa. Yuko pia mtu wa stoo na daftari, na tukiwa wakweli mara nyingi yeye ndiye anayeokoa au kuua kazi nzima.

Kabla ya jua kuwa kali wanakusanyika penye ukuta. Ramani imebandikwa ndani ya stoo, imejaa alama za penseli, nayo yapaswa kuwa hivyo: ramani iliyo safi hata mwisho wa kazi ni ramani ambayo haikutumika. Fundi mkuu anasema jana tulifika wapi na leo tunatafuta nini. Mchoraji anauliza kama kuna jambo lililogoma. Mazungumzo hayo huchukua robo saa, na tajiri mwenye haraka huyaona ni upotevu. Lakini ndiyo robo saa inayozuia kubomoa ukuta siku ya tatu.

Tuchukue mfano mmoja mdogo ili ieleweke. Tofali la udongo wa kushindilia lina urefu wa sentimita 29. Ukiongeza udongo wa kuungia, kila tofali na kiungo chake ni sentimita 30. Mchoraji aliyeketi ofisini anaandika ukuta kati ya mlango na dirisha uwe sentimita 80. Kwake ni tarakimu tu. Kwa mwashi maana yake ni kwamba katika kila mstari lazima akate tofali, na tofali bichi likikatwa kwa panga mara nyingi huvunjika pasipotakiwa. Katika mistari ishirini amekwisha tupa matofali ambayo watu waliyatolea jasho. Mchoraji aliyepata kulishika tofali mkononi ataandika 90, na kazi itakwenda. Hakuna shule iliyomfundisha hilo. Alifundishwa na mwashi aliyesimama karibu naye, naye mwashi alithubutu kusema kwa sababu alikuwa na haki ya kusema.

Neno hilo, kuthubutu kusema, tutalirudia hapo chini.

Kazi ya kwanza kabla ya msingi ni kuujua udongo. Hauhitaji mashine. Udongo hutiwa kwenye chupa nyeupe, huongezwa maji, hutikiswa sana, halafu chupa huachwa itulie hata kesho yake. Mchanga hukaa chini, juu yake laini, na juu kabisa mfinyanzi. Kwa macho tu utaona kama mfinyanzi ni mwingi mno, na ukiwa mwingi tofali litapasuka likikauka. Ukiwa mdogo mno tofali litamomonyoka mkononi. Mafundi wengine hufanya donge la udongo mbichi wakaliachia kutoka usawa wa kifua, wakaangalia linavyovunjika. Kundi lenye akili hufanya yote mawili, kwa udongo wa kila shimo, kwa sababu udongo wa kilima kimoja hubadilika baada ya hatua hamsini. Mpaka hapo mchoraji hajapiga mstari hata mmoja. Unene wa ukuta, upana wa paa, ukubwa wa madirisha, yote yatategemea ile chupa.

Kisha kupanga msingi. Kamba, vigingi, na hesabu ya tatu, nne, tano: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya ncha hizo ikitimia mita 5 kona ni sawa. Kila mwashi anaijua. Jambo ambalo wengi hawalifanyi ni kumwita mwenye nyumba siku hiyo aje na mke wake, au aje na mumewe, watembee kati ya kamba. Hapo mama ataona kwamba moshi wa jiko utaingia chumba cha watoto, kwa maana yeye ndiye anayejua upepo wa pale unatoka wapi. Kuhamisha kamba hakugharimu hata faranga moja. Kuhamisha ukuta kunagharimu akiba ya mwaka.

Maji yanakuja kwa baiskeli, bidoni nne au tano nyuma, na katika kilima wanayasukuma kwa mikono. Hao nao ni wafanyakazi wa nyumba ile, ingawa hakuna daftari linalowaandika. Jioni matofali ya siku yanahesabiwa, yanafunikwa kwa nailoni au kwa majani ya migomba yasikauke upesi, vifaa vinarudi stoo, na mwenye daftari anaandika: mifuko iliyofunguliwa, watu waliokuja, saa walizofanya, kilichoharibika. Siku zifanana hivyo kwa majuma mengi. Watu wasiofanya kazi hii hudhani iko siku kubwa, kama ya kuezeka. Kweli siku ya kuezeka kuna furaha, lakini nyumba hufaulu au huharibika katika siku zile ambazo hakuna anayezikumbuka.

Sasa twende Muyinga, maana huko uko mfano wa wazi ambao watu wa mbali wanaujua kuliko sisi wa karibu. Mwaka 2012 ilimalizika maktaba ya mji huo, sehemu ya kwanza ya mpango wa shule ya bweni ya watoto viziwi wasome pamoja na wengine. Walioichora ni wasanifu wa BC wa Brussels, kwa ajili ya shirika la hapohapo liitwalo ODEDIM. Jengo lenyewe si kubwa, kama mita 140 za mraba. Limeandikwa katika magazeti ya ujenzi ya dunia nzima, na picha zake ni nzuri, lakini wasifu wa picha hautuhusu sana hapa. Kinachotuhusu ni jinsi kazi ilivyokwenda.

Wasanifu wale walianza kwa kuzunguka, Muyinga na mikoa ya jirani, wakitazama watu wanajenga kwa nini na vipi. Katika kuzunguka huko walizikuta mashine mbili za kushindilia matofali, aina ya Terstaram, zilizofanya kazi sana katika miaka ya tisini kisha zikasahauliwa, zimefunikwa na vumbi. Zikasafishwa, zikafanya kazi tena. Fikirini jambo hilo, ndugu: chombo kilikuwapo mjini miaka yote ile, na watu walikuwa wanakata miti kuchoma matofali, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuunganisha chombo na ramani. Matofali yake hayachomwi. Ni ya sentimita 29 kwa 14 kwa 9, udongo wa pale pale. Nguzo za matofali hayo zimesimama kila baada ya mita 1.30, nazo ndizo zinazoshika kuta ndefu zisiyumbe. Paa ni la mikaratusi, juu yake vigae vilivyochomwa karibu na mji, na limeinamishwa sana na kutokezwa nje ya ukuta, kwa sababu tofali lisilochomwa adui yake ni mvua ya ubavuni. Matundu katika kuta yamefuata mistari ya matofali, hewa ikapita. Ndani watoto wamewekewa wavu mkubwa wa kamba za katani, walale juu yake wakisoma.

Hakuna hata kimoja cha hayo ambacho kingeweza kuchorwa Brussels na kupelekwa kwa posta. Mwinamo wa paa umetokana na tofali, tofali limetokana na mashine, mashine ilipatikana kwa kutembea. Ndiyo maana twasema mchoraji akae pahala pa kazi.

Lakini sisi ni watu wa chama, tunapaswa kutazama pia upande ambao magazeti ya ujenzi hayautazami. Wasanifu wenyewe wameeleza kwamba watu wanne kwa mashine waliweza kutoa matofali hadi 1,100 kwa siku. Tupige hesabu. Tofali la vipimo vile lina uzito wa kilo kama 7. Matofali 1,100 ni zaidi ya tani 7 na nusu za udongo, uliochimbwa, ukachekechwa, ukatiwa mashineni, ukashindiliwa kwa nguvu ya mwili, ukatolewa na kupangwa. Gawa kwa wanne: kila mtu karibu tani 2 kwa siku, na kila kilo imeinuliwa zaidi ya mara moja. Tofali hizo zatosha mita kama 33 za mraba za ukuta. Kwa hiyo nyumba ndogo ya mfanyakazi matofali yake yangeweza kutoka katika siku nne au tano za namna hiyo. Ni jambo la kufurahisha kwa mwenye nyumba. Je, migongo minne ile nani anaihesabu? Hatusemi kwamba kule Muyinga watu walitendewa vibaya. Twasema kwamba mtindo wowote wa ujenzi unaosifiwa kuwa rahisi, uulizwe urahisi wake umebebwa na nani.

Shirika la Kazi la Dunia lilitoa mwaka 1988 Mapatano namba 167 juu ya usalama na afya katika ujenzi. Ndani yake limo jambo ambalo wengi hawalijui: wale wanaochora na kupanga jengo nao wanatakiwa kufikiria usalama wa watakaolijenga. Yaani ramani yenyewe ni suala la usalama. Mchoraji akiweka dirisha juu ambapo jukwaa haliwezi kusimama, ameandika ajali kwa penseli. Mapatano hayohayo yasema palipo na waajiri zaidi ya mmoja mahali pamoja, mkandarasi mkuu ndiye wa kupatanisha hatua za usalama. Mtindo wa kutawanya kazi, huyu msingi, yule kuta, yule paa, kila mmoja na vibarua wake wa siku, unafaa sana kwa mtu anayetaka kukwepa jambo hilo. Akianguka ayede kutoka kwenye kenchi, mwenye kuta atasema si wangu.

Hapa Gitega jambo hili limekuwa kubwa zaidi tangu mwanzoni mwa 2019, sheria ilipoufanya mji huu kuwa mji mkuu wa siasa na kuuacha Bujumbura kuwa mji wa biashara. Bei ya viwanja ilipanda. Magarama, Shatanya, Musinzira, kote ukipita utaona misingi, vyuma vikichungulia hewani, na marundo ya kokoto barabarani. Kazi ya ujenzi ipo, ila hufika na kuondoka. Katika miaka ya uhaba wa mafuta malori yalisimama, saruji ikakosekana, na mafundi wakakaa chini ya mti majuma mawili bila malipo, maana kibarua wa siku hulipwa siku. Tajiri akisema subirini, husubiri kwa tumbo lao.

Na mshahara wenyewe? Mwaka 1988 kima cha chini kiliwekwa faranga 160 kwa siku katika miji ya Bujumbura na Gitega, na faranga 105 pengine pote. Kwa hiyo kwa sheria ile mwashi msaidizi wa Gitega alithaminiwa 160 na mwenzake wa Muyinga 105, kana kwamba tofali la Muyinga ni jepesi. Kima hicho kilikaa zaidi ya miaka thelathini bila kuguswa, na fedha yenyewe ikapoteza nguvu hata faranga 160 zisinunue yai moja. Matokeo yake ni kwamba katika ujenzi hakuna kima. Malipo ni mapatano ya asubuhi, penye kona ya barabara, baina ya mtu mwenye njaa na mtu mwenye haraka.

Ndipo tunarudi kwenye lile neno la kuthubutu kusema. Kundi tunalolitaka haliwezi kufanya kazi ikiwa mmoja ni mwenye kundi na waliobaki ni watu wa kuokotwa asubuhi. Mwashi ambaye kesho hajui kama ataitwa hatamwambia mchoraji kwamba ramani ina kosa. Atanyamaza, atajenga kosa, atapokea fedha yake ya siku. Tumeona msingi uliomwagwa juu ya kichuguu, na watu watano walijua, wote wakanyamaza, kwa sababu wiki iliyotangulia mmoja aliyesema alifukuzwa. Mwenye nyumba yule akidhani alipata kazi ya bei nafuu. Kwa hiyo tunapomwambia mfanyakazi wa kiwanda kwamba kijenge na kundi moja lenye mapatano ya kazi, hatumwombi huruma kwa mafundi tu. Ni ukuta wake.

Wako wanaotupinga, na hoja yao si ya kijinga. Wanasema mchoraji aliye mbali na fundi ni jicho la mwenye nyumba. Akila sahani moja na fundi, nani atamchunga fundi? Nani atasema saruji imepunguzwa? Ni kweli kwamba kundi moja lisilochungwa laweza kuiba kwa umoja, na hilo ni wizi mbaya kuliko wa mtu mmoja. Wako wakandarasi wanaokuja na ramani ya rangi, wakachukua nusu ya fedha yote kabla ya jembe la kwanza, halafu simu haipokelewi. Mtu wa namna hiyo naye atajiita kundi moja.

Jibu letu ni kwamba uchungaji usiachiwe urafiki wala ugomvi, utiwe katika malipo. Fedha itolewe kwa hatua: msingi ukishaonekana, kuta zikifika linta, paa likishaezekwa, na sehemu fulani ibaki mkononi mwa mwenye nyumba mpaka mvua za kwanza zipite. Na kabla msingi haujafunikwa, aitwe fundi wa nje ambaye hana fungu katika kazi ile, auone kwa macho, atie sahihi. Chama kina waashi wazee wengi waliostaafu ambao wangeifanya kazi hiyo kwa nauli na chakula. Hapo jicho limepatikana, na kundi halikuvunjwa.

Liko pia suala la wenzetu wa mashamba, ambao wengi wanakaa katika nyumba za mwajiri. Kwao nyumba ni chumba katika mstari, ukuta mmoja na jirani, na siku kazi ikiisha na paa limeisha. Pendekezo namba 115 la Shirika la Kazi, la mwaka 1961, lilisema wazi kwamba kwa kawaida haifai mwajiri kutoa nyumba yeye mwenyewe, ila pale ambapo hali inalazimu, kama mashamba yaliyo mbali na miji. Sisi tunaona hali hiyo ya kulazimu imetumika kama kisingizio kwa muda mrefu. Lakini hata pale inapolazimu, mistari ile huchorwa mara moja na kunakiliwa kilima baada ya kilima, na hakuna mchoraji aliyepata kulala ndani. Kamati ya wafanyakazi ikipewa nafasi ya kutembea kati ya kamba siku ya kupanga msingi, kama tulivyosema juu ya mama na moshi, jiko lingehama, na choo kingewekwa upande ambao maji ya mvua hayapiti. Hili si dai la fedha. Mwajiri atakayelikataa aeleze kwa nini.

Tusisahau kwamba nchi hii ina wajenzi wengi kuliko inavyodhaniwa. Kati ya 2002 na 2009 karibu watu nusu milioni walirudi kutoka Tanzania, wengi wakipitia Kobero hapo Muyinga, na familia nyingi zilifyatua matofali mabichi zenyewe, zikajenga kuta, zikapewa mabati na milango. Wanawake waliokanyaga udongo ule wanajua udongo kuliko maofisa wengi. Leo ukienda penye jengo lolote mjini Gitega utawakuta wanawake wamebeba mawe na maji, na utawakuta wachache mno wameshika mwiko. Katika kundi tunalolisema, msaidizi aliyekaa miezi sita apewe timazi na pima maji mkononi, awe mwanamume au mwanamke, afundishwe mchana kazi ikiendelea. Kumfundisha hakugharimu chochote isipokuwa subira ya fundi, na fundi wengine, tuseme kweli, wanaificha kazi kama dawa ya mganga.

Kwa upande wa chama, tunaona mambo mawili hayawezi kungoja. La kwanza ni kadi ya INSS. Mchango wa ajali za kazini ni juu ya mwajiri peke yake, haukatwi katika mshahara wa mtu. Mkandarasi anayesema ayede ni wa siku tu na hahitaji kuandikwa anaokoa fedha yake na kuweka mguu wa mwenziwe rehani. Mfanyakazi wa kiwanda anayejenga nyumba yake aulize kabla ya kutia sahihi: watu hawa wameandikwa? Ni aibu mtu anayedai haki yake kiwandani siku za kazi, siku ya mapumziko akawa tajiri mbaya katika kiwanja chake mwenyewe. Tumewaona, na baadhi yao ni wajumbe.

La pili ni mafundi wenyewe kuingia chamani. Sehemu ya ujenzi ni ngumu kuikusanya, kwa sababu kila miezi mitatu pahala pa kazi panahama. Matawi yetu yamefuata kiwanda na shamba, na fundi hana lango ambalo mtu anaweza kusimama kumpa kadi. Tunapendekeza matawi ya Gitega na Muyinga yaandikishe mafundi kwa makundi, yaani mchoraji, waashi, seremala na wasaidizi waingie pamoja na majina yao yote katika orodha moja, na mwanachama anayetaka kujenga apewe orodha hiyo. Kundi litakalowaacha wasaidizi wake nje ya orodha lisipelekewe kazi.

Kiangazi huanza Juni, na matofali mabichi yanahitaji majuma kadhaa kukauka kivulini kabla ya kupangwa. Anayetaka kuezeka kabla ya mvua za Oktoba yampasa awe amepima udongo na kukubaliana na kundi mwezi wa Mei. Wanachama wanaofikiria kujenga mwaka huu wailete karatasi ya mapatano kwa katibu wa tawi kabla ya kutoa fedha ya kwanza, waje na udongo wa kiwanja katika chupa. Mwashi mzee atakuwapo Jumamosi mchana, baada ya kazi za jumuiya.